Kiuno cha Mwanaheri

Pale Keko, enzi za Mwingereza, palikuwa na kiuno. Msicheke, nasema kweli. Walikuwapo watu wenye nyumba za bati, watu wenye baiskeli, na mmoja alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, lakini mtu akisema "kile kiuno" hakuna aliyeuliza cha nani. Kilikuwa kiuno cha Mwanaheri binti Sadallah, mke wa Jabiri fundi seremala. Harusi iwe Temeke, iwe Buguruni, iwe huko Tandale kulikokuwa bado na mikorosho, ngoma haikuchangamka mpaka Mwanaheri afunge kanga ya pili juu ya nyonga na kuingia uwanjani taratibu, kama mtu anayetafuta pete iliyomdondoka. Halafu anaanza kukata. Hapo vigelegele havina mwenyewe.

Na kukata kiuno, nyie mnaorukaruka siku hizi, si kurukaruka. Mabega yanatulia, uso unatulia kama wa mtu anayesikiliza habari za mbali, na kiuno peke yake kinazunguka, pole pole, kinakwenda, kinarudi, mpaka anayetazama anasahau alikuja kufanya nini. Mwanaheri alijifunza kwa mama yake, yeye na dada yake Mwanahawa, wakiwa wasichana.

Mwanahawa alikufa kwa homa akaacha mtoto bado ananyonya. Kabla hajakata roho alimshika mdogo wake mkono akamwambia, "Hamisa utamtoa wewe. Usimwachie mtu." Mwanaheri akaitikia. Yeye mwenyewe hakujaliwa kuzaa, akamlea Hamisa kama roho yake.

Kumtoa ni nini? Kwa watu wa ukoo ule, biharusi hakutoka ndani hivi hivi. Mama yake alimtangulia akicheza kinyumenyume, uso kwa uso naye, kutoka chumbani, kupitia ukumbini, mpaka wote wawili wavuke kizingiti cha mlango wa mbele. Mama akiwa amefariki, kazi ile ilikuwa ya mama mdogo au ya shangazi, yeyote mwenye kiuno cha kuifanya. Asiyecheza hatoi. Na biharusi akishavuka kizingiti, humwita yule aliyemtoa "Mama," kwa sauti, mbele ya watu wote, bila nyongeza. Tangu hapo ni hivyo mpaka kaburini, na watoto wake watamwita bibi.

Sasa Hamisa, tangu aanze kusema, alimwita Mwanaheri "mama mdogo." Mwanaheri ndiye aliyetaka. Siku ile mtoto alipomtazama akasema "mama," alimkalisha mkekani akamfundisha: "Mama yako ni Mwanahawa. Mie mama mdogo. Sema, mama mdogo." Mtoto akasema. Mwanaheri akaenda jikoni akajifanya moshi umemwingia machoni. Alilirudisha neno lile kwa heshima ya marehemu, lakini alijua litakuja kurudi kwa njia ya halali, siku ya kumtoa. Akalisubiri. Hamisa akakua, akawa mwanamke mzima mwenye cherehani yake na wateja wake, akaposwa na kijana wa Kawe, na harusi ikapangwa iwe baada ya Maulidi.

Maradhi nayo hayapigi hodi. Asubuhi moja, Ramadhani haijaingia, Mwanaheri aliinama kuinua ndoo ya maji, akasikia kitu ndani ya kiuno kinasema ta! Moto ukashuka. Ulianzia takoni upande wa kushoto, ukapita nyuma ya paja, ukateremka pembeni mwa ugoko, ukaishia kwenye kidole gumba cha mguu. Akabaki vile vile ameinama, hawezi kusimama, hawezi kukaa. Jabiri alitoka karakanani kwake na randa mkononi akamkuta.

"Umeangusha nini?"

"Njoo unishike, mwanamume wee, acha mzaha!"

Alimbeba mpaka ndani, na kwa Mwanaheri dunia ikawa mkeka. Kukaa ilikuwa adhabu. Kukohoa ilikuwa kama kupigwa kwa mpini. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na majirani hawakuwa maiti, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na jina lake la ugonjwa: huyu kasema baridi yabisi, huyu kasema chango, huyu kasema jini mwanamume kaona wivu. Wakamchua kwa mafuta ya nyonyo. Wakampiga chuku mgongoni, ile pembe ya kunyonya damu, na kumchanja chale mpaka ngozi ya kiuno ikajaa alama. Wakamfukiza ubani. Kila alipoulizwa alijibu neno lile lile, "Kiuno kinanikata, jamani, kinanikata mpaka kidoleni."

Ubavu mmoja tu ndio uliompa nafuu, na akiulalia mchana, moshi wa ubani ukining'inia chumbani, msumeno wa Jabiri nje ukienda na kurudi, alikuwa anaelea. Hakulala na hakuwa macho. Msumeno uligeuka ngoma, na yeye alikuwa ukumbini mwa nyumba aliyozaliwa, anacheza, wala hapaumi mahali. Mwisho wa ukumbi alikaa dada yake Mwanahawa, anachambua kunde kwenye ungo, hainui kichwa. Mwanaheri anamwita, haitiki. Anamkaribia, anamkaribia, halafu msumeno unanyamaza, na moto unarudi kidoleni kama mgeni asiyejua kuaga.

Idi ndogo ikapita. Siku moja alijikongoja mpaka kwa jirani akishika ukuta, na wakati wa kurudi mtu akamwita nyuma, "Bi Mwanaheri, umeacha ndara yako njiani!" Akatazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu, wayo umejaa mchanga, naye hakuwa amesikia chochote. Akajaribu kuinua kidole gumba. Kidole kikamtazama. Hapo ndipo alipoogopa hasa, maana maumivu ni maumivu, lakini mguu usiosikia mchanga utasikiaje ngoma?

Habari zilimfikia Mwajabu, dada wa baba yake Hamisa, mwanamke wa Temeke mwenye mwili na maneno. Akaja kumjulia hali na bakuli la uji wa pilipili manga. Alikaa, akapepea, akashusha pumzi.

"Wifi, ngoma ivumayo sana hupasuka. Usione haya. Ukishindwa, sema. Mie shangazi yake nipo, na kiuno changu ni kizima."

"Kizima kama kinu," Mwanaheri akajibu, "na kinazunguka vile vile."

Mwajabu alicheka, hana kinyongo yule. Lakini alipoondoka Mwanaheri alijiziba mdomo kwa kanga akalia. Aliona siku ile itakavyokuwa: Mwajabu ametangulia, Hamisa amevuka kizingiti, neno limetoka, na yeye amekaa pembeni kwenye kigoda, mama mdogo jana, mama mdogo leo, mama mdogo hata akifa.

Jabiri alimkuta analia. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Kesho hospitali."

"Hospitali wanakwenda watu wa kufa."

"Basi wewe utakwenda kuwaaga."

Kukaa hawezi, gari atapandaje? Jabiri alichukua kitanda alichokuwa amemaliza kukipiga msasa, akakiweka juu ya mkokoteni, akamlaza mkewe juu yake, akasukuma kuelekea mjini, kwenye hospitali ya serikali. Njia nzima watu wanauliza, "Fundi, kitanda hicho kinauzwa na mwenyewe ndani?" Mwanaheri alijifunika kanga gubigubi akacheka na kulia kwa pamoja, maana kila jiwe gurudumu lililopanda lilimfika kidoleni.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu mwenye mikono ya baridi. Alimlaza chali, akauinua mguu wake ukiwa umenyooka, na kabla haujafika popote Mwanaheri alipiga ukelele wa kuamsha wodi. Alimchoma nyayo kwa pini, akamgonga kifundo kwa kinyundo cha mpira, kifundo cha kulia kikaruka, cha kushoto kikakaa kimya. Wakampiga picha ya mifupa. Kisha daktari akazungumza Kiingereza kirefu, na kijana aliyevaa nguo nyeupe akageuka kumweleza.

Huyo ndiye Gozbert, dresa, msaidizi wa daktari. Alitoka Bukoba. Kiswahili chake alikisoma shule ya misheni, kimenyooka kama shati lililopigwa pasi, lakini Kiswahili cha uani alikuwa hajakionja. Si kosa lake. Angekionjea wapi?

"Mama," akasema, "daktari anaeleza hivi. Katikati ya mifupa ya uti wa mgongo mna kitu laini, kama nyama ya dafu. Kimoja kimetoka mahali pake, huku kiunoni, kimeubana mshipa unaokwenda mguuni. Ndiyo maana maumivu yako kiunoni lakini unayasikia kidoleni."

Mwanaheri alimshangaa. Mtu wa kwanza kumweleza ugonjwa wake bila kutaja baridi wala jini! "Hapo hapo, mwanangu," akasema. "Umebanwa."

"Sasa daktari anauliza. Kuna vidonge vya kutuliza, urudi nyumbani ulale tu, lakini mguu unaweza kufa. Au unataka tufanye namna nyingine? Unataka nini?"

Swali lilikuwa wazi kwa aliyeliuliza. Na kwa aliyeulizwa pia lilikuwa wazi, ndiyo balaa yenyewe. Mtu amelala mkekani miezi, anaota jambo moja, halafu anatokea kijana mwenye adabu anamuuliza, unataka nini?

"Mie nataka kukata kiuno," Mwanaheri akasema. "Basi. Sitaki kingine."

Gozbert akainua macho. Wagonjwa aliowazoea walikimbia wakisikia kisu kikitajwa. "Kukata kiuno?"

"Kukata kiuno. Kabla ya harusi ya mwanangu."

"Hauogopi?"

"Niogope nini? Nimekata kiuno tangu usichana wangu, mchana kweupe, mbele za watu!"

Gozbert akaamini. Akamgeukia daktari, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mama huyu anataka akatwe kiuno, haogopi, tena si mara yake ya kwanza. Daktari akakunja uso. Akamgeuza Mwanaheri taratibu, akakifunua kiuno, akaona alama za chuku na chale zimepangana juu hadi chini. Akatikisa kichwa kwa huruma na kwa heshima. Kumbe kweli! Wakampaka wino kwenye dole gumba, akalitia kwenye karatasi alipoonyeshwa, kwa moyo mkunjufu kabisa.

Jioni Jabiri alipokuja kumtazama alimkuta anatabasamu. "Wamekubali," Mwanaheri akamwambia. "Yule kijana wa Bukoba kanielewa vizuri sana. Watanitengeneza mpaka nikate kiuno." Jabiri alirudi Keko akawatangazia watu, na watu wakasema alhamdulillahi.

Kulipokucha walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu, na juu yake taa, dari, taa, dari zikawa zinapita. Wakamwekea kitambaa puani chenye harufu tamu na kali, kama embe lililopitiliza. "Vuta pumzi, mama," sauti ya Gozbert ikasema kutoka mbali, labda kutoka kwao Bukoba. Akavuta.

Alikuwa ukumbini. Sakafu ilikuwa baridi na aliisikia, kwa nyayo zote mbili aliisikia. Ukumbi ulikuwa umerefuka, milango huku na huku, na katika kila mlango harusi aliyowahi kuicheza: ile ya mvua, ile ya bwana harusi aliyezimia, ile ya bibi kizee aliyeolewa tena akacheka mwenyewe. Alipita akicheza, kanga zinamgusa mashavu kama pazia. Mwishoni alikaa Mwanahawa na ungo wake wa kunde. Safari hii akainua kichwa.

"Umechelewa," Mwanahawa akasema.

"Niliumwa, dada."

"Wapi?"

"Hapa."

Mwanahawa aliweka ungo chini, akampitisha mkono kiunoni, akatoa kitu kidogo, cheupe, laini kama nyama ya dafu. Akakitazama kwenye mwanga wa mlango. "Kidude hiki ndicho kilichokuliza?"

"Ndicho hicho."

"Mtu mzima wewe." Akakitupa kwenye ungo pamoja na kunde zilizooza. "Haya, cheza."

Mwanaheri akaanza, lakini ngoma haikusikika. Akageuka huku na huku akiitafuta. "Usiikimbilie," dada yake akasema, na tayari alikuwa anafifia, ungo wake, mikono yake, sauti yake. "Ingoje. Itakuja yenyewe."

Alipoamka alikuwa amelala ubavu, mdomo mkavu, na juu yake pangaboi linazunguka darini. Alipeleka mkono nyuma akakuta bandeji nene, na chini ya bandeji kidonda kinachouma kwelikweli.

"Hiki nini?" akauliza.

Gozbert alikuwa karibu, ana furaha. "Tayari, mama. Tumekukata kiuno, kama ulivyotaka."

"Mmenikata?"

"Ndiyo. Sisi tunakataga vizuri. Na tumeshashona."

"Mmenikata kwa kisu?"

"Kwa kisu, mama. Kwa nini tena?"

Lahaula! Mwanaheri alipiga yowe lililowatoa wauguzi mbio. Nani kawatuma? Nani kasema akatwe? Wamekwisha muua, wamekikata kiuno cha watu, kiuno kilichokuwa kinaitwa mpaka Tandale! Gozbert naye, mikono juu, anajitetea kwamba mama alisema mwenyewe, tena alimuuliza mara mbili, akamuuliza kama anaogopa, naye akajibu ameshakata kiuno mchana kweupe mbele za watu!

Kitanda cha pili alilala Genoveva, mke wa karani, mwanamke wa bara aliyekaa Dar es Salaam miaka mingi na kujua pande zote mbili za maneno. Alikuwa amesikiliza yote. Akajiinua kwa kiwiko.

"Wee dresa," akasema, "huku pwani kukata kiuno ni kucheza ngoma."

Gozbert alisimama kama aliyemwagiwa maji. "Kucheza?"

"Kucheza. Hivi." Genoveva akazungusha kidole hewani, pole pole.

"Yesu na Maria," Gozbert akasema, akakaa ukingoni mwa kitanda pasipo kuruhusiwa. "Nimemkatisha mama wa watu!"

Wodi nzima ikalipuka. Aliyekuwa na mguu kwenye plasta alicheka, aliyezaa jana alicheka huku ameshika tumbo. Mwanaheri alikuwa na hasira, hasira ya kweli, maana mwili ni wake na hakuna aliyemwambia kisu kwa jina lake. Kuuliza si ujinga, lakini swali gani lile? Alitaka kuendelea kufoka. Ila kicheko kikampanda bila ruhusa, kikamvuta kidonda, akawa analia aa, aa, msinichekeshe, mbwa nyie, aa, na katikati ya kilio kile akanyamaza ghafla.

Shuka lilikuwa limemgusa kidole gumba cha mguu wa kushoto.

Alilisikia. Pamba, mkunjo wake, ubaridi wake. Akautafuta ule moto, takoni, pajani, ugokoni. Haukuwapo. Aliutafuta tena kama mtu anayepapasa mfukoni asiamini. Kidonda kiliuma, ndiyo, lakini kiliuma mahali pake, kama kidonda cha mtu mwingine yeyote. "Gozbert," akasema kwa sauti ndogo, "moto umezimika." Akalia, na safari hii hakujiziba mdomo.

Daktari alipopita, Mwanaheri alimwita dresa. "Muulize, nitakata kiuno?"

Gozbert alirudi nyuma hatua. "Kukata kupi, mama?"

"Kwa ngoma, we mtoto! Kwa ngoma!"

Gozbert aliuliza, na ili mambo yasiharibike tena akaweka mikono nyongani mbele ya daktari akazunguka kidogo, masikini, kama mlango wenye bawaba mbovu. Daktari hakucheka. Alifikiri, akajibu kwa ufupi. "Anasema utatembea," Gozbert akafasiri. "Usiinue vitu, usijipinde kwa ghafla. Kucheza, anasema hajui. Hajui kweli, mama, si kwamba anakuficha."

Basi akalala wiki nyingi, baadaye wakamruhusu kulala chali, na chali hapakuwa na cha kutazama ila lile pangaboi. Mchana wa joto, wodi imesinzia, sindano ya maumivu bado imo mwilini, lilikuwa linazunguka pole pole juu yake, mabega limetuliza, linakata kiuno. Lakini lilikuwa na kilema. Kila lilipofika upande wa dirisha lilisita, kama lililosahau kitu, halafu likakumbuka na kuendelea. Mwanzoni lilimkera. Baadaye aliligojea pale pale, akishika pumzi, mpaka lipite. Akazoea. Mara nyingine alilala usingizi kati ya kusita na kuendelea, akamsikia dada yake akisema, ingoje.

Alirudi Keko juu ya kitanda kile kile, mnunuzi akisubiri. Alitembea kwanza kwa fimbo, kisha kwa bega la Hamisa, kisha mwenyewe. Ndara haikumtoka tena. Lakini kiuno kilikuwa kimekakamaa kama ubao. Chumbani, mlango umefungwa, alijaribu kukizungusha: kulia kilikwenda, nyuma kilikwenda, kikifika kushoto kilikwama, na hofu ikamshika kabla ya maumivu. Aliacha. Hakumwambia hata Jabiri.

Maulidi yakasomwa, yakapita. Siku ya harusi nyumba ilijaa mpaka uani. Jamali, mpiga ngoma wa Temeke, alikaa ukumbini na ngoma yake katikati ya magoti. Gozbert naye alialikwa, amesimama nje ya mlango wa mbele pamoja na Jabiri, kavaa tai. Mwajabu alikuwa tayari amefunga kanga ya pili juu ya nyonga. Akamfuata Mwanaheri chumbani, na hakuwa na mzaha usoni.

"Wifi, nakuomba. Usijivunje kwa neno moja."

"Ni neno moja," Mwanaheri akasema. "Ndilo ninalolitaka."

Akafunga kanga. Hamisa alisimama mbele yake amefunikwa kisutu kipya, macho tu yanaonekana, yamejaa maji. Jamali akaanza pole. Mwanaheri akapiga hatua ya kwanza nyuma, mabega yametulia, na kiuno kikaenda kulia. Vigelegele! Kikaenda nyuma. Kikaja kushoto, kikakwama.

Alisimama pale, nusu ya mzunguko, kizingiti bado mbali mgongoni mwake. Alimwona Mwajabu akisogea na kanga yake. Alimwona Hamisa amesimama pia, guu moja mbele, amesita vile vile alivyosita yeye, kwa sababu biharusi hufuata mama. Na Jamali, sijui aliona nini yule mzee, alikuwa ameinua mkono juu ya ngoma na hakuushusha. Alingoja.

Usiikimbilie. Mwanaheri akashika pumzi kama chini ya pangaboi, akaingoja, na ilipokuja ilikuja yenyewe. Kiuno kikapita pale penye kovu, polepole, kikaendelea. Mkono wa Jamali ukashuka, du! Hamisa akamaliza hatua yake. Mzunguko wa pili ukasita hapo hapo, ngoma ikasita hapo hapo, na safari hii wanawake waliojipanga ukutani wakasita nao, kanga mikononi, pumzi vifuani, wakasubiri, kisha wote wakapita pamoja. Mwajabu alikuwa miongoni mwao, machozi yanamchirizika. Mpaka leo Temeke wanawake wa zamani wakicheza husita upande wa kushoto, na ukiwauliza watakwambia ndivyo kiuno kinavyokatwa.

Walipita ukumbi wote hivyo, wakienda, wakisita, wakienda. Jua la nje likampiga Mwanaheri mgongoni, juu ya kovu lenyewe. Kisigino chake kikagusa kizingiti, kikavuka. Hapo mlangoni Gozbert wa Bukoba alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, ameona kwa macho yake neno alilolifasiri. "Kumbe ndicho hiki," akawa anamwambia Jabiri, "kumbe ndicho hiki!"

Hamisa akavuka. Akafunua kisutu usoni. Watu wakasogea, maana kila mmoja alijua kinachofuata.

"Mama," Hamisa akaita.

Mwanaheri, kwa mazoea ya miaka yote ile, akangoja neno la pili. Halikuja.